Matanga Bila Maiti

Kwetu Nakuru kuna vitu viwili ambavyo mtu hafundishwi: kukata sukuma wiki na kupanga mazishi. Mtu akifa asubuhi, kufikia saa nane mchana hema limesimama, viti vya plastiki vimepangwa, chai inachemka, na tayari kuna mtu anauliza nani ataongoza maombi ya jioni. Hatuitani. Kila mtu anajua mahali pake, na mahali pangu mimi palikuwa kwenye sufuria.

Nilikuwa mtunza sufuria wa kikundi chetu cha wanawake pale mtaani Rhonda. Sisemi hivi visufuria vya nyumbani. Nasema zile kubwa zinazoinuliwa na watu wawili, ambazo mtoto anaweza kuogea ndani na maji yabaki. Zilikaa kwangu nyuma ya nyumba, zimefunikwa kwa gunia, na hazikutoka ila kwa harusi au matanga. Mtu akija kuniomba moja ya kuchemshia nguo, nilimfukuza mpaka barabarani. Mdomo wangu hauna breki, hilo najua. Marehemu mume wangu alikuwa akisema Mungu alinipa sauti ya makanga wa matatu akasahau kunipa gari.

Mapenzi yangu ya sufuria yalianzia kijijini Bahati, kwa mama yangu. Alikuwa na moja tu, nyeusi tii, na humo ndimo tulimolelewa sisi wanne. Akishapakua ugali, anaiteremsha chini na kutuambia, "Haya." Hapo vita vinaanza. Ukoko uliobaki ubavuni mwa sufuria ulikuwa na wenyewe wanne, na kila mmoja aliamini ni wake kwa haki. Dada yangu mkubwa alikuwa na kucha, mimi nilikuwa na sauti, ndugu yetu wa tatu alikuwa na mbio, na kitindamimba alikuwa na machozi, ambayo kwa kweli ndiyo yalikuwa silaha kuliko zote. Mama alitutazama tukivutana na kusema, "Siku moja mtapewa sufuria nzima na hamtaitaka." Tulidhani ni maneno tu ya mtu aliyechoka.

Lakini nilitaka kusema habari za stoo. Siku hizi nikipita pale na kusikia ile harufu ya molasi iliyokolea kutani tangu enzi ilipokuwa ghala la chakula cha ng'ombe, moyo unarudi kwenye msimu ule na nacheka peke yangu njiani. Watu hudhani naongea na simu.

Ziwa letu lilikuwa limeanza kupanda. Sisi tuliokulia upande huu tulilijua ziwa kama kitu cha mbuga, kitu cha kutazamwa kwa mbali, maji yenye ukingo mweupe na ndege wa rangi ya waridi. Halikuwa jambo la mtu wa kawaida. Kisha likaanza kutoka. Maji ya ziwa hayana kelele kama ya mto. Leo yako kwenye ua, baadaye yamefika chooni, na siku nyingine unaamka, unashusha miguu kitandani na umekanyaga ziwa. Mvua ndefu zilipoongezea juu yake, familia zikaanza kupanda kuja kwetu na magodoro kichwani, kuku kapuni, watoto mkononi. Wengine walilala kwenye baraza ya kanisa. Wengine walilala darasani hadi wanafunzi wakarudi Jumatatu na kutaka madawati yao.

Hapo ndipo mzee mmoja wa Kisikhi, mwenye duka la mabati na simiti mjini, alipotuma ufunguo wa stoo ya babu yake. Hakutuma maneno mengi. Alisema, "Stoo iko tupu. Watu walale." Basi.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya mtaa akaita mkutano. Mwenyekiti huyo alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na majeneza katika banda moja, vitanda kulia, majeneza kushoto, nasi tulimtania kwamba mteja wake ni yuleyule, anahama upande tu. Alikuwa mtu mpole, vumbi la mbao halimtoki kwenye nyusi, na kamati zote za mazishi mtaani alikuwa akiziongoza yeye. Akasimama pale stoo, akatutazama, akauliza, "Sasa tunafanya nini?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungua makao ya dharura. Neno lenyewe tulikuwa tumelisikia redioni.

Kisha mama mmoja akasema, "Hema tunalo."

Mwingine akasema, "Viti vipo kanisani."

Macho yote yakanigeukia. "Sufuria nitaleta," nikasema. Na hapohapo, bila mtu kugundua, tukaanza kufanya kile tulichokijua.

Wee! Ungetuona siku hiyo ungejivunia kuwa mtu wa Nakuru. Stoo ilifagiliwa na kumwagiwa maji mara mbili. Magodoro yalitoka sijui wapi. Mwenye bodaboda alibeba kuni, mwenye bucha alileta mifupa ya supu, na wamama wa sokoni walileta viazi na kabichi kwa gunia. Familia zilipofika, zikapokewa mlangoni, wamama zao wakafungwa leso mabegani, wakakalishwa safu ya mbele chini ya hema. Watu wakaanza kupita mbele yao kwa foleni, wakishika mkono mmoja baada ya mwingine. "Pole sana, mama. Ni mapenzi ya Mungu. Jipe moyo." Jioni kwaya ikaja. Tukanywa chai na mkate. Mhubiri akasimama na kutukumbusha kwamba sisi ni mavumbi na mavumbini tutarudi.

Katika safu ile ya mbele alikuwepo mama mmoja kijana, mwembamba, aliyekuwa akilima sukuma wiki kule chini karibu na ua wa mbuga na kuiuza kando ya njia. Mumewe alikuwa ametoka zamani kwenda kutafuta kazi na hakurudi, wala hakutuma salamu. Alikuwa na watoto wanne. Wa kwanza msichana, aliyebeba mtoto wa mwisho mgongoni mpaka ungedhani wamezaliwa wameungana, na katikati wavulana wawili waliofuatana. Mmoja wa hao wavulana, kwaya ilipopumzika, akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mama, nani amekufa?"

"Nyamaza," mama yake akamwambia.

Nilicheka nikarudi kwenye sufuria yangu. Watoto nao!

Aliyetufungua macho kidogo ni mwenye stoo mwenyewe. Alikuja na mkewe jioni moja, akaegesha gari mbali, akatembea polepole mikono ameikunja mbele. Akakaa kiti cha nyuma kabisa. Akasikiliza wimbo mzima ameinamisha kichwa. Ulipoisha akaja kwangu, kwa sababu mwenye sufuria ndiye anayejua mambo, akaninong'oneza, "Mama, pole sana. Nani ametuacha?"

"Hakuna, mzee."

"Hakuna nani?"

"Hakuna aliyekufa."

Akatazama hema. Akatazama viti, kwaya, wamama wenye leso, foleni ya watu wa pole. Akarudisha macho kwangu. "Sasa hawa wote wanalilia nani kwa stoo yangu?"

Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta. Mkewe naye akacheka, akaficha mdomo kwa mtandio. Hata leo tukikutana mjini, yule mama hunisalimia kwa kuniuliza, "Nani ametuacha?" nami namjibu, "Hakuna, bado tupo." Watu wanaotusikia hudhani tumerukwa na akili.

Kesho yake huyo mama alirudi na wenzake wa hekalu lao, wamebeba unga, samli na vibao vyao. Wakaketi chini kwenye mkeka wakaanza kusukuma chapati. Kule kwao hekaluni kunapikwa kila siku, kuna msiba hakuna msiba, na anayeingia kula anaweza kupewa kazi na asishangae. Kwa hiyo bila kuuliza mtu, akamnyooshea yule mama wa sukuma wiki kibao na kijiti cha kusukumia. Yule mama kijana akavua leso ya mabega, akapiga magoti, akaanza. Chapati zake zilitoka nyembamba, za kukunjika. Yule mama wa Kisikhi akazisifu, wavulana wake wakaja kusimama karibu, na kwa mara ya kwanza tangu afike nikamsikia akicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Mmoja wetu akamkimbilia. "Ala! Mama, wewe pumzika! Umepata shida, utapikaje?" Akamnyang'anya kijiti kwa upendo wote, akamwinua, akamrudisha kwenye kiti chake na kumfunga leso tena. Sisi wote tukaona hayo ni mambo mema. Kwetu mfiwa hashiki mwiko. Hata maji ya kunywa analetewa.

Basi siku zikaenda. Nguvu ya matanga, nimekuja kuijua, ni kwamba yana mwisho. Watu wanajitoa sana kwa sababu wanajua kuna siku ya kuzika. Ukishazika unakunja hema, unarudisha viti, unakwenda nyumbani kulala. Yetu hayakuwa na maiti, kwa hiyo hayakuwa na siku. Mkate ukaanza kupungua. Kwaya ikakosa sauti ya tatu, kisha ya pili. Mwenye bodaboda akaniuliza kwa utani, "Mathe, kwani mnazika lini?" Nikamtusi, lakini swali lilikuwa la haki.

Na familia zikaanza kuondoka. Ya kwanza iliamka asubuhi, ikakunja blanketi vizuri, ikatushukuru sana, ikarudi kwenye nyumba ambayo nusu yake imo majini. Kisha ya pili. Tuliumia, sitaficha. Chai ya maziwa, mkate, mhubiri, halafu mtu anarudi matopeni? Tulikaa jikoni tukiwasengenya. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa zaidi kwamba watu hawana shukrani. Wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikuwa tumelificha.

Halafu likaja jambo la harusi. Kulikuwa na harusi Bahati siku ya Jumamosi, na hema na sufuria vilikuwa vimeshaahidiwa kitambo. Mwenyekiti akasema sawa, basi Ijumaa tuketi, tumalize. Hakusema tunamaliza nini. Sote tulielewa, kwa sababu kwetu kila shughuli ya namna hiyo ina kikao cha mwisho, na kikao cha mwisho kina ajenda moja.

Ijumaa hiyo mchana nilikuwa pembeni ya hema nikisugua sufuria kubwa kwa majivu ili iende harusini iking'aa. Jua lilikuwa kali. Viti vilikuwa vimepangwa nusu duara, na mbele yao, peke yake kwa kuwa ndiye hakuwa na mume, alikaa yule mama wa sukuma wiki, na leso yake. Watoto wake walisimama nyuma yake. Karibu na mwenyekiti alikaa shemeji yake, ndugu wa yule mume aliyepotea, mtu wa Naivasha anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua, amekuja na pikapu ya kuazima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amevaa koti na tai katika joto lile, kwa heshima ya shughuli.

Mwenyekiti akakohoa. Akashukuru wote waliojitolea. Akashukuru Mungu kwa hali ya hewa. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya upole, "Sasa tumebaki na hawa watoto."

Mkono wangu ulisimama ndani ya sufuria.

Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Niliyasikia Bahati nikiwa na viatu vya kuazima, siku tuliyomzika mama. Tulikuwa tumekalishwa kwenye benchi sisi wanne, hema bado halijakunjwa, kwa sababu watoto hugawanywa mbele ya mashahidi. Mzee mmoja alisema vivyo hivyo, kwa upole huohuo, "Tumebaki na hawa watoto." Na watu wazuri, watu waliotupenda, wakaanza kujitolea. Shangazi akasema ataweza mmoja, msichana, wa kumsaidia kazi, na huyo nikawa mimi. Mjomba akasema kitindamimba aende Naivasha, kuna shule karibu. Dada yangu akaenda Molo. Aliyekuwa na mbio akaenda Subukia. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyenyimwa chakula. Kila mmoja wetu alipewa mkate wa kubeba. Usiku wa kwanza kwa shangazi, alipokwisha kupakua ugali akaniwekea sufuria mbele, akasema, "Kula ukoko, mwanangu, wote wako." Nikauangalia. Sikuweza kuumeza hata kipande.

Pale chini ya hema shemeji alikuwa anasema wavulana wawili yeye anaweza, waende naye leo, pikapu iko. Mama mmoja wa kikundi chetu, Mungu ambariki, akasema dada yake aliyeko Bahati hana mtoto na angempenda sana huyo mdogo. "Na huyu msichana mkubwa," mwenyekiti akasema, "ni mwerevu, hatakosa mahali." Watu wakaitikia, "Ni kweli, ni kweli." Msichana alimkaza mtoto mgongoni, akakaza, mpaka mtoto akalia.

Mama yao alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake iliyokaa magotini bila kazi. Angesema nini? Alikuwa amekula mkate wetu na kunywa chai yetu wiki nzima bila kuruhusiwa kuosha hata kikombe. Mtu uliyemfanyia hivyo hana mdomo wa kukukatalia.

Sikujua nimesimama mpaka nilipojisikia nikipiga kelele.

"Nani amekufa hapa?"

Wote wakageuka. Nilikuwa na majivu mpaka viwikoni na mwiko mrefu mkononi, ule kama kasia.

"Mama, tulia kidogo," mwenyekiti akasema. "Tuko kwenye kikao."

"Kikao cha nini? Nimeuliza, nani amekufa? Mnagawa watoto wa nani? Mama yao si huyu amekaa hapa anapumua? Ama mimi ndiye nimezeeka, siku hizi mnazika watu wakiwa wameketi?"

"Hakuna mtu anazika mtu," akasema. "Tunasaidia."

"Hata sisi tulisaidiwa!" nikamwambia. "Tulikuwa wanne. Tulisaidiwa siku moja mchana, kila mmoja na mkate wake. Mpaka leo ndugu yangu wa Naivasha akinipigia simu ananiuliza habari ya afya kama mtu wa benki. Hatuna la kuongea. Anajua nini juu yangu? Mimi najua nini juu yake? Nilimjua akiwa analia sababu ya ukoko!"

Hapo sauti ya makanga ilinikatika. Nililia mbele ya kamati nzima, mimi, ambaye nilipomzika mume wangu watu walisema nina moyo wa jiwe. Mwenyekiti alishika kofia yake akaizungusha, akaizungusha.

Nilipopata pumzi nikamwendea yule mama, nikasimama mbele yake, nikamnyooshea mwiko.

"Mimi nimechoka," nikamwambia. "Wiki nzima napika. Kesho asubuhi nani anakoroga uji?"

Akainua macho. Akautazama mwiko, akanitazama mimi, akawatazama watu wote kwenye viti kama anayeomba ruhusa.

"Usiwaangalie hao. Nimekuuliza wewe."

"Mimi," akasema, sauti ndogo.

"Unawakorogea kina nani?"

Akauchukua mwiko. Ulikuwa mrefu kumzidi, akausimamisha chini akaushika kwa mikono yote miwili. Leso ikateleza mabegani na hakuiokota.

"Watoto wangu," akasema. Kisha akamgeukia shemeji, na sasa sauti ilikuwa imetoka. "Shemeji, asante kwa kuja. Umetoka mbali, Mungu akulipe. Lakini hawaendi, hata mmoja. Tutabaki hapa, nitapika, nitalima pale nyuma, kuna udongo nimeuona mzuri. Mkitufukuza tutaondoka, lakini tutaondoka watano."

Shemeji akalegeza tai, na nadhani alishukuru kupata sababu ya kuilegeza. "Shemeji," akasema, "hata mimi nilikuwa nawaza watalala wapi. Tuna chumba kimoja." Akaenda kwenye pikapu akarudi na gunia la viazi alilokuwa amebeba la kututolea shukrani. Akamwekea yeye, miguuni, si sisi.

Mwenyekiti bado alikuwa anazungusha kofia. "Na harusi?" akaniuliza. "Hema wanalingoja. Sufuria wanazingoja."

"Hema liende," nikasema. "Hapa hatuna msiba. Sufuria zinabaki."

Watu wa Bahati walininunia mwaka mzima. Walipika pilau ya harusi kwa visufuria vya kuazima, ikaungua, na mpaka leo kuna shangazi wa bibi harusi ambaye akiniona sokoni anahamia upande mwingine wa njia. Na ahame.

Lakini hema lilipokunjwa, stoo ilibadilika. Viti vilirudi kanisani, na pasipo na safu ya mbele hapakuwa tena na mahali pa kumkalisha mtu apewe pole. Kila mama alipata jiko lake la makaa na kona yake. Wakaanza kugombana kuhusu zamu ya kufagia choo, nami nilijua mambo yanakuwa mazuri, maana wafiwa hawagombani. Mama wa sukuma wiki alilima nyuma ya stoo mpaka ukutani. Zile familia zilizorudi majini zikasikia, zikapanda tena moja moja, safari hii na majembe yao. Watu wetu waliokuwa wamechoka kuleta mkate wakarudi kuleta mbegu, misumari, kazi ya kufua ya hapa na pale. Mwenyekiti alipima kuta za stoo akatengeneza vitanda vya ghorofa. Nilimpelekea chai siku hiyo nikamkuta ameketi juu ya mbao, anatabasamu peke yake.

"Unacheka nini, fundi?"

"Nimezoea kupima watu wasiogeuka," akasema. "Hawa wanageukageuka usiku kucha. Lazima niongeze upana."

Miaka imepita. Stoo bado iko wazi. Nyumba ya mtu ikiungua, maji yakipanda, mwenye nyumba akimtolea mtu vitu nje, wanajua pa kuja. Mgeni akifika tunampa chakula cha kwanza, kisha tunampa mwiko. Yule mama na wanawe wana chumba chao Kaptembwo sasa, na mboga zake ndizo ninazonunua. Msichana mkubwa amekuwa mrefu kuliko mama yake. Wote wako pamoja.

Ila siku ninayoikumbuka zaidi si ile ya kelele zangu. Ni Jumapili iliyofuata, mchana. Yule mama alikuwa ameniomba sufuria kubwa apike ugali wa stoo nzima, na nilimpa, mimi niliyemfukuza mtu wa kuchemsha nguo. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikipunga upepo. Akapakua, akagawa, akaiteremsha sufuria chini.

"Haya," akawaambia wanawe.

Nilisikia kishindo. Msichana mkubwa alikuwa na kijiko, wavulana walikuwa na mikono, na yule mdogo, aliyekuwa hajui hata kusema vizuri, alijitupa chini akaanza kulia kwa ustadi mkubwa. "Ni yangu!" "Wewe ulikula jana!" "Mama, mwone huyu!" Mmoja akaingiza kichwa chote ndani ya sufuria, mwingine akamvuta mguu.

Mama yao akaona haya. Akanitazama, kisha akawakemea, "Nyamazeni! Hamna adabu? Tuko kwa watu!"

"Waache," nikamwambia.

"Wanakusumbua, mama."

"Waache wagombane."

Nikageuza uso nje ili asione macho yangu. Sufuria ile naijua, nimeisugua miaka yote. Ukoko wake unatosha watoto kumi na mwingine ubaki. Sikuwaambia.